Mkono Begani mwa Papa

Harufu ya rangi mbichi kwenye tisheti mpya hunichafua roho hadi leo. Kwetu, watu wa Kivu tulioko Brussels, mtu akifa familia huchapisha tisheti zenye picha yake, na ukoo mzima huzivaa kanisani. Papa, baba yangu, alipofariki, Tonton, kaka yake, alizileta nyumbani kwetu, mtaa wa Forest. Akawagawia mashangazi, binamu, nami akanipa ya mtu mzima iliyonifika magotini. Maman hakupewa. Maneno yalishazunguka kwamba yeye ndiye aliyemla mumewe kwa uchawi. Papa aliugua figo miaka yote ile, tena mbele ya macho yao, lakini wapi.

Kanisani wakamketisha nyuma kabisa, kama jirani aliyepita kutoa pole. Nikamfuata. Kando ya benchi letu palikuwa na kaburi la kale la mawe: bwana mkubwa na mkewe wamelala ubavu kwa ubavu, na kifo, mifupa mitupu, kimemshika bwana bega. Juu yao ngao iliyogawanywa katikati, huku simba, huku ndege. Mzee Mbelgiji aliyetunza kanisa aliniona nimekodoa macho, akaninong'oneza kwa Kifaransa kwamba simba ni wa ukoo wa mume na ndege ni wa ukoo wa mke. Hata kaburini hawakumwondoa mwanamke wa watu.

Nikainama kutazama kifua changu. Pichani, begani mwa Papa, kulikuwa na vidole visivyo na mwenyewe. Nikamwonyesha Maman.

“Maman, hii mukono ni ya kifo?”

“Hapana, mutoto yangu. Ni ya kwangu. Ni foto ya mariage, siku ya ndoa yetu. Bon, walinikata.”

Hakulia. Baada ya mazishi aliniomba ile tisheti, akawa anaivaa ndani ya koti akienda kusafisha maofisi ya Umoja wa Ulaya kule Schuman, mpaka ikapauka. Nilimkasirikia sana. Nilidhani anajipendekeza kwa watu waliomtupa.

Nilishakuwa mtu mzima nilipotafuta picha za ndoa yao nikakosa hata moja. Tonton aliichukua albamu nzima ili achague ya kuchapisha, na hakuirudisha. Katika arusi yake yote, Maman aliachiwa vile vidole tu.