Nilihama programu ndogo ya email kwenda kubwa, siri ya mteja wangu nusura ifike kwa shemeji yake

Wakuu, salamu kwenu wote, wa zamani na mliojiunga juzi.

Nawaandikia kutoka Kamina, Haut-Lomami, Congo. Kiswahili chetu huku kina ladha yake na Kifaransa kinaingia bila kubisha hodi, mtanivumilia. Nitakayosimulia yamenikuta mimi mwenyewe. Nimebadilisha majina tu, na mwenye kisa ameniruhusu.

Nimeuona uzi wa yule ndugu aliyeuliza kama kwenye kompyuta ya kazi aweke programu ya email nyepesi iliyokuja na mashine, au ile kubwa yenye kila kitu. Wengi mmemjibu mambo ya RAM. Mimi nataka kumweleza kilichonipata.

Nina secrétariat public karibu na soko. Kwa msiojua, ni kibanda cha kuchapa, kutoa photocopie, na kuwaandikia na kuwapokelea email watu wasio na kompyuta. Laptop yangu ni moja, ya siku nyingi, inategemea paneli ya jua.

Zamani nilitumia ile programu ndogo. Unaona barua, unajibu, basi. Haikumbuki anwani ya mtu yeyote, kila mara unaandika herufi kwa herufi.

Ubaya wake ni kwamba ilishika barua za karibuni tu. Mteja akitaka ya mwaka jana, lazima network iwepo. Na network ya Kamina mnaijua, au kama hamuijui, shukuruni.

Mume wangu ni mwalimu wa primaire, shule ya msingi, na anapenda vitu vikubwa. Akanishawishi, akanifungia programu kubwa. Kila mteja na folda yake, barua zote zinakaa ndani ya mashine hata network ikifa, na unatafuta kwa neno moja. Nilifurahi kweli. Nikaona nimechelewa.

Sasa nije kwa yaya Albertine (huku yaya ni dada mkubwa).

Ni mjane, anauza samaki wakavu wanaotoka Kinkondja. Tangu mumewe afariki, mdogo wa marehemu, anaitwa Jean-Pierre, ndiye amesimama na watoto kama baba. Anafanya kazi ofisini Bukama, na yaya humwandikia email kupitia kwangu kuhusu masomo ya watoto.

Mwaka huu akatokea bwana mwingine, mgane, mtu wa hapa Kamina anayefanya kazi Kolwezi. Anaitwa Jean-Paul. Najua majina yanakaribiana, na shida yote ilianzia hapo.

Mtauliza kwa nini wasiandikiane kwa simu. Simu ya yaya ni ya nyumba nzima, watoto wanaishika kutwa, na binti wa Jean-Pierre anaishi humo humo. Kwa hiyo mambo ya Jean-Paul yalipita kwangu.

Jean-Pierre hakujua lolote. Yaya aliogopa ataona kama anaitupa familia ya marehemu. Alitaka amwambie uso kwa uso, lakini kila akipanga safari moyo ulikuwa unarudi nyuma.

Siku moja jioni akaja, akakaa kwenye kiti, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama Grâce, andika. Nimeitika."

Nikaandika. Barua ilikuwa fupi na tamu. Alimwambia Jean-Paul amekubali, aje na wakubwa wake. Akaongeza jinsi anavyokumbuka siku alipomshika mkono pale gare ya treni, na kwamba tangu siku ile analala vizuri. Mimi mwenyewe nilikuwa natabasamu nikichapa.

Kwenye sehemu ya anwani nikaandika "Jean". Programu ikajaza iliyobaki yenyewe. Nikabonyeza envoyer, yaani tuma, dirisha likafungika, nikamwambia imeenda. Akaondoka anaimba chini chini.

Asubuhi yake nikawa namwandikia mteja mwingine, anwani inaanza na Jean vile vile. Nikaandika herufi hizo, na programu ikanijazia Jean-Pierre wa Bukama.

Wakuu, nikaikumbuka barua ya jana. Programu ilikuwa inampendekeza yule ninayemwandikia mara nyingi, na huyo ni shemeji, siyo mchumba.

Nikafungua folda ya barua zilizotumwa. Haimo. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi. Haimo kwa sababu haijaenda, au imeenda na sijui pa kuitazama? Network ilikuwa bado imekufa tangu jana, saa gani hasa sikujua, kwa hiyo hata kumpigia mume wangu sikuweza. Nikafunga laptop, nikafunga kibanda, nikachukua moto, yaani pikipiki, mpaka shuleni kwa mume wangu.

Akatoka darasani, chaki mkononi.

"Mutoto iko mugonjwa?"

"Hapana, Papa Grâce. Barua ya yaya Albertine. Ile ya mapendo. Nimeandika anwani ya shemeji yake."

Akatia chaki mfukoni. "Ulituma saa gani?"

"Jana mangaribi."

"Jana mangaribi réseau haikukuwa. Basi haiyaenda. Iko inangojea mu Boîte d'envoi."

"Inangojea nini?"

"Inangojea réseau. Ikirudia, barua itaenda yenyewe, hata weye haugusi kitu. Modem umeitoa?"

"Iko bado mu mashini."

Akamwomba mwenzake amwangalizie darasa, tukapanda moto moja watu watatu pamoja na dereva. Sikuwa nimewahi kuomba network isirudi. Siku hiyo niliomba, tena kwa jina la Yesu.

Tulipopita reli, simu ya mume wangu ikalia mfukoni. Kisha yangu. Kisha ya dereva. Meseji za tangu jana zilikuwa zinaingia zote kwa pamoja.

Network imerudi.

Nilimshika dereva bega, naye akaelewa, akaongeza mwendo.

Nilipofungua kibanda nikataka kurukia laptop. Mume wangu akanishika mkono. "Mbele tutoe modem. Njo halafu ufungue." Akaichomoa. Nikainua kifuniko, mashine ikaamka taratibu kama mzee aliyeamshwa usingizini, ikafikiri, ikafikiri.

Kando, chini ya folda zote, mahali ambapo sikuwahi kubonyeza tangu nianze kuitumia: Boîte d'envoi, na ndani yake barua moja. Ya yaya. Haikuwa imekwenda popote. Nilipofunika laptop kumbe ililala, na programu ikalala nayo.

Nilikaa chini sakafuni. Mume wangu akaifuta ile anwani, akahifadhi maneno, akaniletea maji. Kwa kweli sikumbuki kama nilimshukuru.

Mngeweza kuniambia ninyamaze, hakuna aliyedhurika. Lakini barua ni yake, siyo yangu. Nikamfuata sokoni, nikamweleza yote nikiwa nimechuchumaa kando ya samaki wake.

Nilidhani atanifukuza.

"Na kama ingeenda?"

"Shemeji angeisoma, yaya."

Akapanga samaki wake upya, ingawa walikuwa wamepangwa. Kisha akasema, "Minyi nilikuwa nangojea moyo iwe na nguvu. Haitakuwa. Kama ilibakia kidogo aisikie mu mashini, bora aisikie mu kinywa yangu. Barua ya Jean-Paul usitume kwanza. Minaenda Bukama."

Akaenda kwa treni ya kwanza aliyoipata. Siku zile nilifanya kazi vibaya, nikitoa photocopie zimepinda.

Aliporudi alikuja kwangu moja kwa moja, mzigo bado kichwani. Nikamuuliza shemeji amesema nini.

"Aliacha kula mpaka bukari ikapoa. Kisha akauliza huyu bwana anasali wapi."

"Njo ile tu? Hakuuliza ingine?"

"Njo ile tu. Nikamwambia ni Méthodiste. Akasema heri, angekuwa mulevi ingekuwa mbaya. Akasema atakuya siku ya kupokea wageni, akae upande yetu."

Tulicheka mpaka mteja wa nje akachungulia.

Sasa jibu la yule ndugu.

Kama una anwani yako moja, unaandika mara chache, na network yako haisumbui, chukua ile ndogo na usione haya. Haina akili ya kukujazia jina, na hiyo ni salama yake. Kama barua ni kazi yako na unataka za zamani ziwe karibu hata network ikifa, chukua kubwa. Mimi nimebaki na kubwa. Ila usiitumie siku ya kwanza kabla hujaizunguka yote. Jua barua inasubiri wapi kabla ya kutoka. Nimezima ile tabia ya kukusanya anwani yenyewe, na nimeipanga isitume kitu mpaka mimi niamuru. Mashine ikiwa ya zamani itakuwa nzito kidogo, utavumilia.

Barua ya yaya tuliituma siku ile ile aliyorudi. Kabla sijabonyeza, aliniambia nisome anwani kwa sauti, herufi moja moja. Nikasoma. Akanirudisha mwanzo. Nikasoma tena, watu wa photocopie wakisikia jina zima la mwanaume, naye amekaa wima kitini, hajali.

Nyie mnatumia ipi, na ilishawahi kuwatoa jasho? Semeni hapa chini, wateja leo ni wachache, nitasoma zote.