Swichi ya Bafuni

Juzi nilikwenda kuangalia nyumba ya kupanga hapa Same, mwanangu mgongoni. Swichi ya taa ya bafuni ilikuwa ukutani, karibu kabisa na bomba la maji. "Mama Neema, ukiwa umelowa usiiguse tu," mwenye nyumba aliniambia, akicheka. Niliondoka bila kuaga.

Nyumbani kwetu Mhezi swichi ilikuwa ndani ya bafu vilevile, na mlangoni tulitundika mwiko wa mbao. Mtu akilowa, aliwasha na kuzima taa kwa mpini wake. Mimi nilidhani ni adabu tu, kama kuvua kofia kanisani.

Alasiri moja ukungu ulishuka mapema, jikoni kukanukia makande na moshi. Nilikuwa nimeuchukua ule mwiko nikoroge. Shangazi yangu, mdogo wake baba, aliniita kutoka bafuni.

"Wee mtoto, giza huku! Lete mwiko!"

"Nakuja, shangazi!"

Sikwenda. Nilisikia ndoo ikianguka, maji yakamwagika, kisha kimya. Nikadhani amekasirika, nikakimbilia migombani kujificha nisichapwe fimbo. Walinikuta huko baadaye, mama akilia.

Msibani walisema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nikanyamaza miaka yote, nikijua ni mimi niliyemuua.

Mapenzi ya Mungu gani? Nilikuwa na miaka saba. Watu wazima walijua swichi ile inapiga shoti, wakaiacha. Ingehamishiwa nje ya mlango, hatua mbili tu.