Bi Tope na Vipimo vya Kinamasi

Mama mdogo wangu alikuwa fundi wa maabara ya maji, na mtaani walimwita Bi Tope. Hakuchukia. Aliingia kinamasini kando ya mto na mabuti ya mpira yaliyomfika mapajani, akachota tope kwa kijiko cha plastiki, akalitia kichupani, akaandika saa na mahali. Pete ya ndoa aliiacha nyumbani, maana madini yoyote yakigusa tope vipimo huharibika. Mumewe alipenda kutania kwamba siku za tope yeye huwa kapera.

Wakati huo kiwanda cha betri kilikuwa kikimwaga maji machafu kinamasini. Matete yalikauka kuanzia kwenye bomba kwenda chini, na vyura wakanyamaza. Mama alikuwa na bustani ya mboga pale ukingoni. Kama jirani zake wote, alitaka bomba lile lizibwe. Vipimo vya mama mdogo vikaonyesha zinki na madini ya risasi kupita kiasi, na kikao cha kuamua kikapangwa Alhamisi.

Jumatatu, akiwa anafua, akakumbuka. Siku ya kuchota, ndoo yake ya plastiki ilipasuka, naye akaazima ndoo ya bati ya mama ili achanganyie tope. Bati hupakwa zinki. Miaka kumi na tisa kazini, halafu kosa la mwanafunzi!

Bosi wake hakuona taabu. "Funika kombe mwanaharamu apite. Nani atajua?"

"Huyu hapiti, bosi. Atakaa kwenye karatasi yenye sahihi yangu."

Akamwandikia mwenyekiti wa kikao barua kueleza kosa lake, akaomba apime upya. Kikao kikaahirishwa miezi miwili. Mtaa ukawaka moto. Wakasema kiwanda kimemtia mfukoni. Mama, dada yake wa tumbo moja, alimfokea mlangoni: "Miezi miwili tunywe sumu kwa sababu ya ndoo? Si ungenyamaza tu, wewe!" Nakiri, hata mimi nilimwona mjinga. Leo naona haya.

Alirudi kinamasini peke yake. Vyombo vyote vilikuwa vya plastiki, kila kimoja kimesuuzwa kwa asidi mara tatu. Majibu yalipotoka, zinki ilikuwa imeshuka karibu nusu. Risasi haikutikisika.

Kikaoni, mtaalamu wa kiwanda alisimama na tabasamu lake. "Nani atathibitisha kwamba vyombo vyenu vilikuwa safi?"

Mwenyekiti akasoma ile barua kwa sauti, neno kwa neno, kisha akamuuliza mtaalamu kama ana swali jingine. Bomba likazibwa wiki ileile.

Kesho yake mama mdogo alikuja nyumbani. Mama alimkimbilia amkumbatie, lakini yeye akarudi nyuma hatua moja.

"Dada, subiri kwanza. Nimepima na mboga zako. Zina risasi, zote."

Bustani ile ndiyo iliyotusomesha mimi na ndugu zangu. Nilimtazama mama, nikingoja matusi. Machozi yalimlengalenga. Hakuuliza, "Una hakika?" Alichukua jembe nyuma ya mlango, akamuuliza mdogo wake aanze kung'oa upande gani.