Futi ya Mama Yenye Matundu Matatu

Dada yangu alishona nguo miaka ishirini na sita, na mkasi haukumtoka mkononi mpaka kidole gumba chake kilipovimba kwenye kiungo kikagoma kukunjika. Daktari akamwambia basi. Alirudi nyumbani akanuna siku nne. Mimi sina uvumilivu na watu wanaonuna, kwa hiyo siku ya tano nilimburuta hadi duka la mabango ninakofanya kazi ya kubandika stika.

Bosi wetu, akiwa hayupo, tunamwita Milimita. Anatembea na rula ya chuma mfuko wa shati, na stika ikipinda kwa unene wa ukucha anaibandua yote. Alikubali kumjaribu dada miezi mitatu kwenye kompyuta ya kuchorea. Ila koti lake aliliacha limening'inia mgongoni mwa kiti cha kompyuta hiyo, na dada akawa anakalia ukingoni, kama mgeni asiyejua atakaa mpaka saa ngapi.

"Akiweza, koti nitalitoa," bosi aliniambia. "Asipoweza, wewe uliyemleta ndiye utakayemwambia."

Mwezi wa tatu wa majaribio yake, ushirika wa mafundi cherehani ukafungua ofisi ng'ambo ya barabara. Hao ni wenzake dada wa zamani, waliomwonea huruma mpaka huruma yenyewe ikawa karaha. Waliagiza alama ya kubandika kwenye kioo cha mlango. Dada hakufikiri mara mbili. Alichora futi ya marehemu mama yetu, ile laini ya kupimia nguo, ya kuning'iniza shingoni, iliyojikunja na kujipitia juu yake yenyewe mara tatu.

Aliichora kama alivyozoea kuchora kitambaa kwa chaki. Alianzia ncha moja, akafuata kingo zote bila kuinua mkono, akarudi alipoanzia. Mstari mmoja tu. Kisha akaijaza rangi ya bluu.

Kila mahali futi ilipojipitia, palibaki tundu jeupe. Matatu yalikuwa, yamekodoa macho.

Milimita alikuja akasimama nyuma yetu. "Futi yenu imeliwa na panya?"

"Nitairekebisha, bosi," dada akasema.

"Leo Jumatano. Ijumaa saa tatu asubuhi ikiwa bado hivi, nabandika picha ya mkasi. Ninayo tayari."

Dada alifanya ambacho fundi cherehani yeyote angefanya akiona tundu: alitia viraka. Vipande vitatu vya bluu, kimoja juu ya kila tundu, na kwenye skrini futi ikawa safi kabisa. Nilipiga makofi. Alhamisi mchana tukaituma kwenye mashine ya kukata stika. Lakini kisu cha mashine hakijui rangi, kinafuata mistari tu, na mistari ya matundu ilikuwa palepale chini ya viraka. Nilipobandua mabaki yaliyozunguka mchoro, viraka navyo vikang'oka, kimoja kikanata kwenye kiwiko changu.

Nikacheka. Sikupaswa kucheka. Dada aliingia chooni akajifungia, na nilijua analia, nami nikajichukia mpaka jioni.

Ijumaa tulifungua duka saa moja na nusu. Dada hakunisalimia. Alitoa futi ya mama kwenye mkoba, akaikunja mezani sawasawa na ile ya kwenye skrini, akaanza kuipitisha kidole kutoka nje kwenda ndani. Alirudia kama mara kumi. Nilitaka kumwambia saa inakwenda, nikaumeza ulimi.

"We, njoo," akasema ghafla. "Hapa nimevuka mstari mmoja, nimeingia kwenye futi. Sivyo?"

"Ndiyo, dada."

"Nikiendelea, hapa inapojipitia, navuka wa pili. Sasa hili jinga la kompyuta linahesabu mistari kama milango: nimeingia, nimetoka. Linadhani niko nje!"

"Kumbe! Na wewe unatakaje?"

"Liangalie mkono wangu ulikuwa unaelekea wapi. Nimezunguka upande uleule mwanzo mpaka mwisho. Sijatoka popote."

Alifungua mipangilio ya kujaza rangi. Zilikuwepo njia mbili: moja huhesabu mistari, nyingine hutazama mwelekeo wake. Akachagua ya pili. Matundu matatu yakaziba kwa mpigo, na katikati ya mikunjo, panapotakiwa pawe wazi, pakabaki wazi. Kisha akabonyeza amri ya kuunganisha, na mistari yote ya ndani ikayeyuka, ukabaki ukingo wa nje na ule wa mikunjo. Kisu hakikuwa na cha kukosea tena.

Saa tatu kamili Milimita aliingia na picha yake ya mkasi mkononi. Stika ilikuwa mezani. Nilibandua mabaki mbele ya macho yake, na futi ya mama ikabaki kipande kimoja. Bosi akatoa rula. Akapima upana hapa, akapima pale, akainama kwenye zile sehemu tatu. Aliirudisha rula mfukoni, akaikunja ile picha ya mkasi mara nne.

Saa sita tuliibandika kwenye kioo cha mlango wa ushirika. Mafundi walitoka nje wote kuitazama.

"Nani kachora hii?" mwenyekiti wao akauliza.

"Fundi wangu," Milimita akajibu.

Vigelegele vilipigwa mpaka wapita njia wakasimama. Mimi nilipiga kuliko wote, huku nikilia bila aibu yoyote.

Tuliporudi dukani, koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Dada alilitazama kwa muda. Akaitundika futi ya mama mgongoni mwa kiti, akaketi, akaegemea kwa mara ya kwanza mpaka kiti kikalia.

"Haya, mdogo wangu," akasema. "Mteja gani anafuata?"