Fundi wa Dirishani

Kwenye chumba kimoja cha kushonea sare za shule palikuwa na fundi wa makamo, mwepesi wa mkono na mzito wa kutoa. Wenzake walimwita Mama Changu. Mkasi wake aliufunga kwa uzi kwenye mguu wa meza. Ukimwomba sindano, alikutazama kama umemwomba figo. Ila kilichomkaa moyoni kuliko vyote ni nafasi yake dirishani. Vyerehani vilikuwa vinne, dirisha la maana moja, na kwa miaka tisa alifika wa kwanza kila asubuhi, mtu mwingine asije akapazoea.

Nyuma kabisa, kwenye rafu za vitambaa, alikaa mshona suruali wa siku nyingi waliyemwita Babu, mtu wa masihara na sauti ya chini. Siku moja alimsogelea Mama Changu.

"Mwanangu, niazime dirisha saa moja tu. Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi unanichezea shere."

"Na mimi nikashonee wapi, Babu? Mfukoni?"

Watu wakacheka. Babu naye akacheka, akarudi kwenye giza lake.

Wiki hiyohiyo msimamizi alinyanyua suruali ambayo mfuko wake ulikuwa umeshonwa ukazibwa kabisa, mkono haupiti. Kicheko kikaanza upya, na Mama Changu alicheka mpaka akafuta machozi. Mchana, alipotoka kunawa, alimkuta Babu amechuchumaa juani kando ya bomba, suruali tano mapajani, anafumua mishono kwa kuipapasa kwa kidole gumba. Chakula chake hakijafunuliwa.

"Hizo nazo zimezibwa?"

"Hizi zimepinda tu. Usimwambie msimamizi, mwanangu. Nikizifumua saa hizi, jioni zitakuwa sawa." Akapapasa mshono mwingine. "Nisiposhona, asubuhi nitaamka niende wapi?"

Mama Changu aligeuza ndoo, akaikalia, akavuta suruali moja. Alifumua tatu Babu akiwa bado anahangaika na moja.

Jioni hiyo Mama Changu alisukuma sahani kando. Dada yake, aliyeishi naye, akamwuliza kulikoni, naye akamweleza yote.

"Si umpe hilo dirisha."

"Ni langu."

"Ulilinunua lini?"

Kesho yake Babu alikuta cherehani chake kiko dirishani. Mama Changu alikuwa amejibana kwenye rafu, jasho likimtiririka kwa kuburuta vyuma.

"Kuna nini?"

"Jua linaniunguza shingo. Miaka yote navumilia tu."

"Mwanangu, kudanganya hukujui."

"Basi kaa, Babu, nisije nikabadili nia."

Na nusura abadili. Siku ya tatu mawingu yalitanda, akajidunga sindano mara mbili, akamfokea Babu kwa kutundika koti kwenye msumari wa dirishani ambao hata yeye hakuwahi kuutumia. Baadaye kidogo alimpelekea chai. Halafu uzi wa mkasi haukufika meza mpya, akaukata, na mkasi ukaanza kutembea chumba kizima. Mara ya kwanza ulipoondoka aliufuata kwa macho kama mtoto anayevuka barabara. Mwezi ulipoisha, alikuwa hajui uko kwa nani.

Dirisha lilimsaidia Babu, lakini halikumtosha. Mama Changu akaomba ruhusa ya siku nzima, yeye ambaye hakuwahi kukosa kazi hata kwa homa, akampeleka kwa daktari wa macho. Walikaa kwenye benchi tangu asubuhi, wakibishana juu ya mishono ya sketi ya mwanamke aliyekaa mbele yao, ingawa Babu aliiona kwa ukungu tu. Babu alipovaa miwani, alimtazama usoni kwa muda mrefu.

"Kumbe una kovu kidevuni."

"Tangu utotoni, Babu."

"Linakupendeza."

Njia nzima ya kurudi alisoma kila kibao kwa sauti, maduka, vinyozi, matangazo ya vyumba vya kupanga, naye Mama Changu akimshika kiwiko, akipunguza mwendo penye maandishi marefu.