Mlinzi wa Gari la Wagonjwa

Mji wetu huu wa milimani Nagano, Japani, una gari moja la wagonjwa, na mlinzi wake alikuwa Bi Fusae Tatsumi. Hakuajiriwa na mtu. King'ora kikilia tu, yeye huyo nje, anataka kujua nani anaumwa na anaumwa nini.

Mzee Kurata aliwahi kuliita kwa sababu ya kwikwi. Kwikwi, jamani! Bi Fusae alimvizia pale tunapotupa taka, mbele ya watu.

"Hilo gari si teksi, mzee! Je, kama kungekuwa na mtu anakata roho?"

"Kwikwi yenyewe ilikuwa ya tangu jana, jirani..."

"Si ungekunywa maji ukalala!"

Tangu hapo Kurata akawa anatupa taka kwa kunyata.

Asubuhi moja ya theluji nilimpelekea Bi Fusae achari ya figili. Nikamkuta mezani, chai inamchuruzika upande mmoja wa mdomo, mkono wa kulia umelala kama si wake. Nikashika simu.

"Acha," akasema, ulimi mzito. "Labda kuna mwenye shida zaidi. Na majirani watanionaje? Basi waambie waje kimyakimya."

Kwetu kila mtu huomba hivyo, na kila mtu hujibiwa kwamba sheria hairuhusu.

"King'ora hawazimi, unajua."

"Basi nitakwenda kwa miguu."

Akajaribu kusimama, akaanguka. Nilimkasirikia mpaka nikalia. Nikapiga simu, kisha nikamwita Kurata ng'ambo ya ua, nikamweleza mbiombio.

King'ora kilipoingia mtaani, madirisha yote yakafunguka. Kurata alikuwa amesimama katikati ya barabara na nguo za kulalia, mkono kifuani.

"Ni mimi, jamani! Kwikwi imerudi!"

"Mzee huyu hana haya!" mama mmoja akafoka. Madirisha yakafungwa kwa hasira, naye Kurata akawaelekeza wahudumu mlango wa nyuma.

Walipombeba kwenye machela, Bi Fusae akamshika mkono kijana wa gari kwa ule mkono wake mzima.

"Mwanangu, kweli nastahili?"

"Kumbe hujui, bibi? Miaka yote hii gari hili ulikuwa unajilindia mwenyewe."

Bi Fusae akafumba macho, akakubali kupelekwa.