Onja Kwanza

Mnisamehe kwa mwandiko huu, na mahali nilipokosea herufi mnisomee kwa huruma. Niliishia darasa la saba, na kalamu yangu huenda kama punda wa maji anayepanda kilima. Ila jambo hili limenikaa sana, na kwa mdomo siwezi kulisema.

Mwaka ule wa kipindupindu, mvua nayo ilikuwa imekataa. Bwana afya alipita hapa Kibwezi akifunga mahoteli yote ya kando ya barabara ya Mombasa. Alikataza hata mahindi ya kuchoma. Watu wenye nyumba walirudi kula nyumbani. Lakini kulikuwa na watu waliolala kwenye baraza la ghala moja la nafaka lililofungwa zamani, na wao waliishi kwa makombo ya mahoteli hayo. Hakuna aliyewafikiria.

Mama yangu ndiye aliyesimama kanisani akasema ni aibu, tunamwomba Mungu atuepushe na ugonjwa huku watu wanakufa njaa karibu na mlango wetu. Kila nyumba ikaleta ilichokuwa nacho, kikombe cha mahindi, konzi ya kunde. Upishi ukawa kwetu kwa sababu sufuria kubwa ilikuwa yetu. Mama aliweka sheria moja: mtu wa nyumba yake asionje. "Wasije wakasema nimefungua jiko la kanisa ili nilishe wanangu," alisema. Hata chumvi aliitia kwa macho tu. Nasi wakati huo tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, uji wa jioni, mwepesi kama maji ya kuoshea kibuyu.

Mimi nilichaguliwa kupeleka kwa sababu sina maneno. Bwana afya alitufundisha: chakula kiwe cha moto, kifunikwe, maji yachemshwe, kila mtu awe na bakuli na kijiko chake, sabuni iwepo, na mpelekaji asikae. Aweke, arudi. Mtu mwenye haya hupenda kazi kama hiyo. Niliweka ndoo ya muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na kunde, nikarudi bila kumtazama mtu usoni.

Jioni nilipokwenda kuchukua ndoo niliikuta imejaa. Kesho yake pia. Muthokoi umeganda, hata kifuniko hakijasogezwa.

Akina mama walikasirika. "Maskini jeuri!" mmoja akasema. "Walitaka pilau?" Mama yangu akaniambia, "Kesho wakikataa tena, tunaacha. Kuna wenye nyumba wanaoutamani."

Basi siku iliyofuata niliweka ndoo, nikasimama. Karibu na mlango wa ghala alikaa mwanamke mzee, midomo imepasuka kwa ukavu. Kando yake alikuwa mwanamume mwenye gongo, ambaye zamani alikuwa taniboi, yaani utingo wa malori.

"Umesahau nini, mchumba wa bwana afya?" taniboi akaniuliza. Wenzake wakacheka bila nguvu.

Nikasema nikitazama miguu yangu, "Mbona hamli?"

"Nani hupikia watu asiowasalimia? Unatutupia ndoo, unakimbia kama uliyewasha fataki. Tumesikia wakubwa wanataka kuufagia mji, na sisi ndio taka."

"Wewe nyamaza," yule mama mzee akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, kwenu mgeni akija, kibuyu cha uji hugusa midomo ya nani kwanza?"

Nilijua jibu. Kila mtoto wa Ukambani analijua. Mwenye nyumba hunywa kwanza, mgeni akimwona, ndipo humpa. Hivyo mgeni anajua hakuna sumu. Mama yangu hajawahi kumpa mtu kibuyu kabla hajanywa yeye, hata awe mhubiri, hata awe karani wa chifu. Na jikoni tulikuwa wanawake wengi, wakubwa kwa wadogo, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Hatukusahau desturi. Ni kwamba wale hatukuwahesabu kuwa wageni.

"Sasa onja kwanza," mzee akasema.

Sijawahi kula watu wakinitazama. Hata harusini hujificha nyuma ya jiko. Na pale palikuwa wazi kabisa, wanawake waliokuja kuchota maji bombani wanaona kila kitu. Lakini nilijua kama sitakula, ndoo haitakuja tena. Nikanawa kwa sabuni, nikapakua katika bakuli moja safi, nikala kijiko kimoja. Chumvi ilikuwa kidogo. Nikala cha pili. Baada ya hapo mkono haukuniuliza tena. Nilipoinua macho bakuli lilikuwa tupu na baraza lote linanitazama.

"Kumbe sumu ni tamu," taniboi akasema. Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akageuza uso.

Nilianza kusema samahani. Nilisema samahani nyingi.

"Hata wanaopika wana njaa?" mzee akauliza. Akawaambia wenzake, "Si sumu. Kuleni." Kisha akachukua upawa, akanijazia bakuli langu tena kabla ya kupakua lake. "Kaa, usile umesimama kama kuku."

Tangu siku hiyo mzee hakutia kitu mdomoni mpaka nimekaa na bakuli langu. Nilikaa nikiwapa mgongo watu wa bombani. Chakula tulichowapelekea, wao walinilisha mimi.

Nyumbani ndoo ilirudi tupu na mama akamshukuru Mungu. Jioni nilisukuma uji wangu kwa wadogo zangu, maana nilikuwa nimeshiba. Mama aliona. Jumapili akasimama kanisani akasema binti yake anajinyima ili watoto wale, na watu wakapiga makofi. Niliinamisha kichwa. Wakasema, tazama, ana haya.

Mahoteli yalipofunguliwa kila mtu akafuata riziki yake, baraza likabaki tupu. Taniboi alipandishwa lori na rafiki zake wa zamani. Mzee aliniambia anakwenda Ikutha, kuona kama kuna mtu wake aliyebaki. Sikumpa hata kitu cha njiani. Sikuwa nacho.

Mama bado hanyweshi mgeni kabla hajanywa yeye. Kila akiinua kibuyu mimi hutazama chini, na yeye hudhani ni haya zilezile.

Ninyi mliosoma mpaka hapa, niandikieni. Mkiwa Ikutha na mnamjua mzee huyo, niambieni kama alimpata mtu wake. Na mniambie kama nimweleze mama, au nimwache na furaha yake. Andikeni herufi kubwa kubwa. Nasoma polepole kama ninavyoandika.